Oksijeni Ibaki Oksijeni

Kuna hoja inayopendwa sana miongoni mwa watetezi wa Kiswahili, na kila inapotolewa hupigiwa makofi. Wanasema neno oksijeni ni neno la uongo. Limeundwa kwa Kigiriki: oxys, yaani kali, na genes, lenye kuhusu kuzaa au kuzaliwa. Maana yake, kwa hiyo, ni "kizaa asidi". Na kwa kuwa kemia imekwisha kuonyesha kwamba asidi hazizaliwi na oksijeni, dunia nzima inakariri kosa la Mfaransa mmoja wa karne ya 18. Ukishaikubali hatua hiyo, inayofuata ni nyepesi. Sisi tuna lugha tajiri. Tuna hewa, tuna pumzi, tuna uhai. Ya nini kubeba kosa la watu? Tuipe gesi hii jina ambalo mtoto wa darasa la tatu atalielewa mara tu alisikiapo. Hewa uhai, kwa mfano.

Naipinga hoja hii. Siipingi historia yake, maana sehemu kubwa ya historia hiyo ni kweli, na nitaisimulia. Ninachokipinga ni nguzo mbili zinazoibeba: kwamba maana ya neno ni asili yake, na kwamba jina bora la kitu ni lile linalokieleza. Nguzo zote mbili zimeoza, na tukijenga Kiswahili cha sayansi juu yake tutapata hasara kubwa kuliko hiyo ya kukopa neno moja.

Tuanze na huyo Mfaransa anayetupiwa lawama. Antoine Lavoisier hakuwa wa kwanza kuipata gesi yenyewe. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia aliyekuwa Uppsala nchini Sweden, aliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1770, akaiita hewa ya moto. Joseph Priestley, mchungaji wa Kiingereza, aliipata tarehe 1 Agosti 1774 alipokusanya miali ya jua kwa lenzi na kuielekeza kwenye unga mwekundu wa oksidi ya zebaki. Mshumaa uliotiwa ndani ya gesi iliyotoka uliwaka kwa mwanga uliomshangaza. Oktoba ya mwaka huohuo Priestley alifika Paris, akakaa mezani kwa Lavoisier, akasimulia aliyoyaona.

Scheele na Priestley waliamini, kama wengi wa zama zao, kwamba kitu kikiungua hutoa dutu iliyoitwa flojistoni. Lavoisier alitumia mizani. Alipima, akakuta salfa na fosforasi zikiungua uzito wake huongezeka badala ya kupungua. Kumbe kuungua ni kupokea: sehemu fulani ya hewa huingia katika kile kinachoungua. Sehemu hiyo ndiyo aliyoitafutia jina.

Alilipata wapi? Katika kile kilichokuwa mbele ya macho yake. Salfa ikiungua na zao lake likachanganywa na maji, hupatikana asidi. Fosforasi ikiungua, asidi. Mkaa ukiungua, gesi yake ikiyeyuka katika maji hutoa asidi pia, ijapokuwa dhaifu. Vitu vitatu tofauti, na katika vyote mgeni aliyeingia ni mmoja. Ungekuwa wewe ungesema nini? Kufikia mwaka 1777 Lavoisier alikuwa amefikia uamuzi kwamba hiki ndicho chanzo cha asidi zote. Mwaka 1787, pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, alichapisha utaratibu mpya wa kuvipa majina vitu vya kemia, na jina oxygène likawamo. Mwaka 1789 aliliweka katika orodha yake ya dutu sahili 33, ndani ya kitabu kilichowafundisha kemia vijana wa Ulaya.

Wanaomcheka Lavoisier hawana budi kujua kwamba wanamcheka mtu aliyepima kwanza, akakisia baadaye, na akakosea mahali pamoja tu: aliyoyaona katika baadhi ya asidi aliyapeleka kwa asidi zote.

Kosa lenyewe lilianza kubainika mapema. Berthollet, mmoja wa wale wanne, alionyesha mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1780 kwamba asidi inayotokana na rangi ya bluu ya Prussia haina oksijeni hata chembe. Mwaka 1810 Humphry Davy, mjini London, alitoa pigo lenyewe. Wafuasi wa Lavoisier walishikilia kwamba asidi ya chumvi, ileile inayosaga chakula tumboni mwetu, lazima iwe na oksijeni iliyojificha. Davy aliitafuta kwa kila njia aliyokuwa nayo, hakuiona. Alichokikuta ni hidrojeni na gesi moja ya kijani-manjano, ambayo aliitangaza kuwa elementi na kuiita klorini kwa rangi yake. Mwaka 1838 Justus von Liebig alieleza asidi kwa hidrojeni yake inayoweza kuchukuliwa nafasi na metali, na miaka ya 1880 Svante Arrhenius akaieleza kwa ioni za hidrojeni. Kama ni cheo cha kuzaa asidi, aliyekistahili alikuwa hidrojeni.

Wapinzani wangu wamesahau hata kutaja dosari nyingine. Katika Kigiriki chenyewe, maneno yanayoishia na -genes kwa kawaida humaanisha kilichozaliwa na kitu fulani. Mgiriki wa kale angelisoma jina la Lavoisier kama "mwana wa asidi", si mzazi wake. Basi nawaongezea: jina lilikosea kemia, na sarufi nayo haikuwa salama.

Na bado nasema: libaki.

Fikirieni nini kingetokea kama wanakemia wangelifuata shauri la watetezi wetu. Mwaka 1838, baada ya Liebig, wangelivua jina la kizaa asidi kutoka kwa oksijeni na kumvika hidrojeni. Vitabu vyote vingechapwa upya, na kila andiko la zamani lingehitaji mkalimani. Kisha mwaka 1923 angetokea Gilbert Lewis na fasili pana zaidi: asidi ni kitu chochote kinachopokea jozi ya elektroni. Kwa fasili hiyo zipo asidi zisizo na oksijeni wala hidrojeni; boroni trifloridi ni mojawapo. Jina lingevuliwa tena. Anayetaka jina lifuate nadharia hatapumzika kamwe, maana nadharia hurekebishwa kila kizazi, na huo ndio uzima wa sayansi.

Davy mwenyewe, aliyemvua oksijeni cheo, hakugusa jina lake. Aliendelea kuliandika na kulitamka. Alilolifanya lilikuwa la busara zaidi: elementi mpya aliipa jina la rangi, lisiloahidi lolote kuhusu tabia yake. Jina la zamani aliliacha kwa sababu kila mwanakemia aliyelisikia alijua ni gesi gani inayotajwa. Kazi ya jina ni hiyo. Linakionyesha kitu ili wasemaji wawili wawe na hakika kwamba wanazungumzia kitu kimoja, hata wakitofautiana kuhusu asili yake, tabia yake na faida yake. Kazi ya kukieleza kitu ni ya fasili, na fasili hurekebishwa bila kulisumbua jina. Watetezi wetu wamezichanganya kazi hizo mbili, kisha wakamlaumu Lavoisier.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Neno simu tulilipata kutoka Kiajemi, na huko lilimaanisha waya. Lilitufaa wakati wa telegramu, maana waya zilionekana juu ya nguzo. Likatufaa kwa simu ya mezani. Kisha tukaiita redio ya mawasiliano simu ya upepo, na anayejua asili ya neno atatambua kwamba tulikuwa tukisema "waya wa upepo". Leo kila mtu ana simu mfukoni isiyofungwa na waya wowote. Hakuna aliyelalamika, hakuna kamati iliyoitwa, hakuna mtoto aliyepotoshwa. Neno lilivuka teknolojia tatu au nne kwa sababu asili yake ilikuwa imefichika kwa wasemaji wake.

Sasa litazame neno garimoshi. Hili ndilo jina la aina wanayoitaka watetezi wetu: la Kiswahili, jepesi, linaloeleweka papo hapo. Gari lenye moshi. Lilipoundwa lilikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2024 Tanzania ilipoanza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, jina hilo lilikwama kituoni. Moshi uko wapi? Watangazaji na abiria wakakimbilia treni ya umeme, wengine wakasema SGR tu, na garimoshi likabaki kwa yale mabehewa ya zamani. Neno lililofumbwa lilipita salama. Neno lililo wazi lilikwamishwa na uwazi wake.

Mifano iko tele. Disemba ni mwezi wa kumi kwa Kilatini, nasi tunafunga nao mwaka. Malaria ni "hewa mbaya" kwa Kiitaliano, na tangu mwisho wa karne ya 19 tunajua kwamba inaenezwa na mbu. Atomu ni "kisichokatika", na imekwisha kukatwa. Hatumwoni daktari wa Muhimbili akifungua madirisha ili kutibu malaria kwa sababu ya jina lake.

Sasa tulipime hilo jina linalopendekezwa. Hewa uhai si wazo jipya: Ulaya ya Lavoisier ilikuwa nalo. Kabla ya oxygène kushika, waliiita gesi hii hewa ya uhai, na Lavoisier mwenyewe alilitumia jina hilo. Liliachwa, na lilistahili kuachwa. Kwanza, oksijeni si hewa: ni asilimia 21 hivi tu ya hewa tunayovuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni naitrojeni. Tena, oksijeni iliyomo hewani ni kidogo sana ukilinganisha na iliyofungwa katika miamba na maji. Karibu nusu ya uzito wa gamba la dunia ni oksijeni. Imo katika mchanga, udongo na mawe. Katika kila kilo 9 za maji, kilo 8 ni oksijeni. Mtoto aliyefundishwa kwamba kitu hiki ni hewa uhai atalielewa vipi jiwe?

Na huo uhai? Vijidudu vya pepopunda hustawi pasipo oksijeni. Kwao ni sumu, ndiyo maana kidonda kirefu kilichotobolewa na msumari huwafaa kuliko mkwaruzo wa juu. Miaka ya 1940 na 1950 hospitali za nchi tajiri ziliwapa watoto njiti oksijeni nyingi kwa nia njema, na maelfu yao wakapofuka, kwani wingi wake uliharibu mishipa ya damu ya macho machanga. Tarehe 27 Januari 1967, huko Marekani, wanaanga watatu wa Apollo 1 walikufa katika jaribio la ardhini kwa sababu chumba chao kilijazwa oksijeni tupu. Cheche ndogo ilitosha. Mtu anayeiita gesi hii hewa uhai amefanya kosa lilelile la Lavoisier: ameiona tabia moja, akaigeuza kuwa kitambulisho. Tofauti ni kwamba Lavoisier alifanya hivyo bila kujua. Sisi tungefanya hivyo tukijua.

Tena tayari tunalo funzo nyumbani, nalo ni hewa ukaa. Jina limetoka kwenye makaa, linaeleweka, linapendeza. Lakini msikilizeni anayelitumia. Leo anataja kabonidioksidi inayotoka tunapopumua. Kesho anakusudia gesi zote zinazoongeza joto la dunia, ikiwamo methani. Keshokutwa anasema kijiji kimeuza hewa ukaa, wakati kilichouzwa ni hati za upunguzaji wa gesi hizo. Na gesi ile inayowaua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa madirisha yakiwa yamefungwa, kabonimonoksidi, tutaiitaje, ikiwa nayo imetoka kwenye makaa hayohayo? Hapo uwazi wa jina si suala la mapambo. Mtu anaweza kufa kwa kudhani kwamba hewa ukaa ni ileile isiyo na madhara anayoitoa kila anapopumua. Si ajabu wengi sasa wanasema biashara ya kaboni.

Watetezi watanijibu kwamba wengine walitafsiri na hawakudhurika. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wao unaniunga mkono mimi. Wajerumani husema Sauerstoff, "dutu chachu". Warusi wana kislorod, "kizaa uchachu". Wajapani wana sanso, neno lililoundwa na Utagawa Yoan katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1837, nalo linabeba uchachu uleule. Angalieni walichokitafsiri: kosa. Walilichukua kosa la Lavoisier, wakalitia katika lugha zao za nyumbani, na sasa kila Mjerumani analisikia waziwazi kila siku. Msemaji wa Kiswahili anayesema oksijeni hasikii uchachu wowote. Sisi tuliokopa tumepona. Waliotafsiri ndio waliobaki nalo. Na hata hao, je, kemia ya Ujerumani ilidumaa? Hapana, kwa sababu mtoto wa Kijerumani hujifunza Sauerstoff ni nini katika somo la kemia, wala haangalii mzizi wa neno.

Wadenmarki walijaribu njia nyingine. Hans Christian Ørsted aliwaundia neno ilt mwaka 1814, kutoka neno lao la moto. Wapolandi, waliokuwa na neno la kuzaa uchachu, waliliacha wakachukua tlen, linalohusiana na kuungua polepole. Basi hao walibadili, na hakuna mbingu iliyoanguka. Lakini walipata nini? Oksijeni yenyewe haiungui. Huviwezesha vingine kuungua. Walihama kutoka tabia moja kwenda nyingine. Wachina ndio wanaofundisha zaidi. Walianza kwa kuiita hewa inayolea, kisha wakaiundia herufi yenye alama ya gesi na sehemu iliyobaki kwa ajili ya sauti tu. Waliutoa ulezi, wakaacha mlio. Lugha yenye maandishi ya maana kuliko zote iliona kwamba jina la elementi hufaa zaidi likinyamaza.

Inabaki hoja ya heshima: kwamba kukopa ni utumwa. Nani kamkopa nani? Oksijeni si Kiingereza. Ni vipande vya Kigiriki vilivyounganishwa Paris, na Waingereza walivikopa kama sisi. Tena walikuwa na raia wao, Priestley, aliyeipata gesi hiyo na kuipa jina lake refu la hewa iliyoondolewa flojistoni. Priestley hakulikubali neno la Kifaransa. Mwaka 1800, akiwa Marekani, bado alikuwa anachapa kitabu cha kuitetea flojistoni, na alifariki mwaka 1804 bila kusalimu amri. Wananchi wenzake hawakumfuata. Walichukua neno la Wafaransa, na Kiingereza hakikufa kwa aibu. Kiswahili, kilichoingiza kitabu, meza, shule na baiskeli na kuvitia katika ngeli zake, kinaogopa nini? Tena neno hili tunalitumia pamoja na ndugu zetu wa Kongo waliolisikia kutoka Kifaransa. Mganga wa Lubumbashi na muuguzi wa Mombasa wakisema oksijeni wanaelewana mara moja. Wakianza kila mmoja na hewa yake, tutahitaji kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili.

Sisemi kwamba uundaji wa maneno ni kazi bure. Usanisinuru ni neno zuri, na mwanafunzi akishajua usanisi na nuru amepata ufunguo wa mchakato wenyewe. Hadubini na darubini zinatufaa. Mchakato na chombo huwa na kazi, na kazi hutajika. Elementi haina kazi moja ya kutajwa. Ina tabia mia. Hata majina yetu ya kale ya elementi, chuma, dhahabu, shaba, zebaki, hayaelezi chochote kwa msemaji wa leo, na hakuna anayetaka chuma kiitwe "kigumu chenye kutu".

Ugumu wa kemia kwa vijana wetu upo, naukubali. Lakini hautokani na neno oksijeni. Mtoto wa Tanzania amefundishwa sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anakutana na somo lilelile kwa lugha asiyoimudu. Maneno ya kulifundishia yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tangu hapo, nguvu inayotumika kubishana kama jina hili ni la kwetu au la kwao ingetosha kuandika sura kadhaa za kemia ya sekondari kwa Kiswahili fasaha, zikaeleza kuungua, kutu, upumuaji na asidi kama zilivyo.

Kwa hiyo, mtunga kamusi, andika fasili iliyo sahihi: oksijeni ni elementi ambayo kiini cha kila atomu yake kina protoni 8. Mwalimu, msimulie mwanafunzi wako habari ya Lavoisier na Davy, ili ajue kwamba sayansi hukosea ikajirekebisha bila kubomoa lugha yake. Nawe mtetezi wa Kiswahili, kama unakipenda kweli, shika kalamu uandike hicho kitabu cha kemia. Jina la gesi tunalo tayari.